Viza ya Nchi Tatu na Hesabu ya Njia

Kibali cha kuwaona gorila wa milimani upande wa Rwanda ni dola 1,500. Upande wa Uganda, msitu wa Bwindi, ni dola 800. Ndiyo maana wasafiri wengi wa begi mgongoni hushukia Kigali, huvuka mpaka wa Cyanika hadi Kisoro, wakishawaona gorila hurudi Kigali kupanda ndege. Dola 700 zinabaki mfukoni. Ila safari hiyo fupi inamwingiza mtu Rwanda mara mbili na Uganda mara moja, na kila kuingia kuna hati yake.

Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zina viza ya pamoja ya utalii. Bei yake ni dola 100, inadumu siku 90, na aliye nayo huingia na kutoka ndani ya nchi hizo tatu kadiri apendavyo. Masharti mawili ndiyo yanayowakwamisha watu. Kwanza, safari ianzie katika nchi iliyoitoa. Pili, ukitoka nje ya nchi hizo tatu viza imekwisha, hata kama siku zimebaki tele.

Tanzania haimo. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Mtu akitua Nairobi, ramani inamvutia ateremke Namanga, aone Serengeti, kisha azungukie Kampala na Kigali. Kwa barabara ni njia nzuri, lakini kwa viza ni hasara, kwa kuwa muhuri wa kuingia Tanzania unaiua ile ya pamoja kabla haijatumika Uganda wala Rwanda. Njia inayofaa ni kumaliza nchi tatu kwanza, Nairobi, Kampala, Kigali, ndipo kuingia Tanzania kupitia Rusumo. Kuanzia hapo Serengeti na pwani zinafuatana bila kurudi nyuma. Kwa kweli ni jambo la kusikitisha kwamba nchi yenye Kilimanjaro na Zanzibar imebaki nje ya mpango huu, huku raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wakivuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tu tangu mwaka huohuo wa 2014.

Je, dola 100 bado zina faida? Inategemea rangi ya pasipoti. Kenya iliondoa viza Januari 2024 ikaweka kibali cha mtandaoni cha dola 30. Viza ya Uganda ni dola 50, na ya Rwanda 50. Mjerumani anayepita nchi zote tatu angelipa 130 akilipia moja moja, kwa hiyo ya pamoja inampunguzia 30. Mwingereza hesabu yake ni nyingine: Rwanda imewasamehe ada raia wa Jumuiya ya Madola kwa siku 30, hivyo jumla yake ni 80, na viza ya pamoja inamtia hasara ya dola 20. Kwa safari ile ya gorila tofauti inapanuka zaidi. Mwingereza anahitaji dola 50 za Uganda tu. Mjerumani, hata akichukua viza ya Rwanda ya kuingia mara nyingi kwa dola 70, anafika 120. Kwake ya pamoja ndiyo nafuu.

Kabla ya fomu yoyote, sindano. Maombi ya viza ya Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Anayekumbuka chanjo wiki ya safari amechelewa. Heri ni kwamba tangu Julai 2016 dozi moja inakubalika maisha yote, kwa hiyo kadi ya njano ya zamani isitupwe. Tanzania nayo huidai kwa wanaotoka Uganda na Kenya.

Viza ya Tanzania ni dola 50 kwa wengi na 100 kwa Wamarekani, ambao hupewa ya kuingia mara nyingi. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, mgeni hulipa pia bima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana bima ya kwao.

Kusini kuna viza nyingine ya pamoja, ya KAZA: dola 50, siku 30, Zambia na Zimbabwe, pamoja na matembezi ya siku moja Botswana kupitia Kazungula. Ila Zambia iliwafutia viza Wamarekani na Wazungu wengi wa Ulaya mwishoni mwa 2022. Kwao KAZA inalipa pale tu wanapotaka kulivuka daraja la Maporomoko ya Victoria kwenda na kurudi mara kadhaa. Anayeingia Zimbabwe mara moja anaweza kulipia viza ya kawaida, ambayo kwa raia wa nchi nyingi ni dola 30.