Malai Yasiyokatika

Anayetaka kuipima sharubati ya tunda iliyotiwa maji ya soda na malai asianze kwa kuionja. Aiweke bilauri karibu na dirisha, aitazame kitambo, kwani ulimi huridhishwa upesi na sukari, ilhali jicho likielekezwa vizuri huona mambo ambayo ulimi utakuja kuyakiri baadaye. Katika bilauri njema ataona chini rangi ya tunda, ambayo kwa pasheni ni manjano iliyokolea. Juu yake maji maangavu yenye viputo vidogo vinavyopanda kwa mfululizo pasi na fujo. Na juu kabisa malai meupe yanayoanza kushuka taratibu, yakijikunja na kujikunjua kama ukungu unavyoshuka mabondeni huku Igamba alfajiri za mwezi wa Juni. Akiona badala ya ukungu huo punje nyeupe zinazoelea, mfano wa maziwa yaliyokamuliwa ndimu, basi maziwa yamekatika, na hapana sukari wala barafu iwezayo kuyarudisha.

Kinywaji hiki Wamarekani hukiita soda ya Kiitalia, na jina hilo lina haki nusu tu, maana kilipata umaarufu wake katika mji wa San Francisco, ambako mwaka 1925 Rinaldo Torre na mkewe Ezilda, waliporejea kutoka Lucca na mapishi ya kwao, walianza kutengeneza shira za ladha mbalimbali na kuzichanganya na maji ya soda kwa ajili ya mikahawa ya mtaa wa North Beach. Maji ya soda yenyewe ni ya zamani zaidi: mwaka 1767 Joseph Priestley, akiwa Leeds nchini Uingereza, alining'iniza chombo cha maji juu ya pipa la pombe iliyokuwa ikichacha, akayakuta maji yale yamepata ukali mwembamba wenye kupendeza. Lakini mtu wa lugha yetu asijione mgeni mbele ya bilauri hii. Sharubati tuliipokea kwa Waarabu pamoja na neno lake, ambalo mzizi wake ni kunywa. Malai tuliyapokea kutoka Bara Hindi. Na pwani, tangu zamani, mgeni hutulizwa kiu kwa sharubati ya ukwaju au ya bungo. Kilichoongezeka ni povu.

Igamba, katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, ni mahali ambapo mengi ya kuifanyia kazi hii hupatikana karibu na mlango. Mgeni apitaye barabara kuu kwenda Tunduma huijua nchi hii kwa kahawa yake, na ni haki yake kuijua hivyo. Lakini uwanda huu, ambao mwinuko wake ni wa karibu mita 1,500 juu ya bahari, una pia pasheni zinazotambaa kwenye nyua, ng'ombe wanaofungwa nyuma ya nyumba, na usiku wa baridi ambao kwa mtengeneza malai ni msaidizi asiyedai ujira.

Nianze na tunda, kwa kuwa kosa lililofanywa sokoni halisahihishwi jikoni. Pasheni, ambayo wengine huiita karakara, ina jamaa mbili mashuhuri: yenye ganda la manjano, ipendayo joto la nchi za chini, na yenye ganda la zambarau, istawiyo katika baridi ya milimani. Ya manjano ni kubwa na ina ukali mwingi. Ya zambarau ni ndogo, lakini harufu yake ni pana na ya upole, na kwa kazi yenye maziwa ndani yake mimi huichagua hiyo bila ya kusita. Mnunuzi asiye mzoefu, afikapo sokoni Mlowo, hukimbilia matunda yenye ganda nyororo linalong'aa, akayaacha yaliyokunjamana kwa kudhani yamezeeka, na hivyo huacha mali akachukua sura. Ganda lililoanza kufanya makunyanzi ni dalili kwamba ukali wa tunda umepungua na harufu yake imekamilika. Hata hivyo makunyanzi peke yake si ithibati, kwani tunda lililochumwa changa likaachwa juani hukunjamana pia; kwa hiyo lipimwe kiganjani. Lililo jema huwa zito kupita umbo lake, na lililo jepesi ndani yake mna utupu na mbegu kavu. Mwisho linuswe penye kikonyo, na kama halisemi kitu hapo, lirudishwe kwa adabu katika fungu la muuzaji.

Nyama ya tunda haipondwi katika blenda. Najua kwamba wengi hufanya hivyo kwa ajili ya wepesi, lakini mbegu zikivunjika hutoa uchungu na vumbi jeusi, ambalo huonekana kwenye shira hata baada ya kuchujwa mara mbili. Iwekwe katika kichujio, isukumwe kwa mgongo wa kijiko cha mti mpaka mbegu zibaki zimevuliwa nguo zao, na matunda 12 hadi 15 yatatoa maji ya kutosha chupa moja ndogo.

Katika shira ndipo ninapomtambua fundi. Sukari gramu 250 na maji gramu 250 huwekwa juu ya moto mdogo mpaka punje ya mwisho iyeyuke, kisha sufuria huteremshwa, ikaachwa ipoe hadi kidole kiweze kuvumilia, na hapo tu ndipo maji ya tunda, yapatayo gramu 200, yanapotiwa. Anayechemsha tunda pamoja na sukari husifiwa na majirani kwa harufu nzuri iliyoenea ua mzima, naye hufurahi, asijue kwamba kila kinachonukia uani kimekwisha kutoka katika chupa yake. Harufu ya pasheni ni kitu kirukacho. Ikipata moto huondoka, na kinachosalia ni utamu na ukali visivyo na jina. Ukitaka kujua shira uliyouziwa au uliyozawadiwa ilipikwa vipi, funua chupa ikiwa baridi kabisa, uinuse: yenye harufu ya tunda bichi lililopasuliwa sasa hivi haikuchemshwa nalo, na yenye harufu ya jamu ilichemshwa. Kisha dondosha tone moja katika bilauri ya maji baridi. Tone la shira iliyokolea huzama limeshikamana mpaka chini, likatandaa. La shira nyepesi hutawanyika njiani, na shira ya namna hiyo haitakaa mahali pake maji ya soda yatakapomiminwa. Kwa kuwa haina dawa ya kuihifadhi, shira hii ikae kwenye jokofu, na isivuke juma moja.

Sasa malai, ambayo ndiyo moyo wa jambo lote. Nakumbuka harusi moja ya jamaa zangu ambapo nilikabidhiwa vinywaji, nami, kwa kuona malai ni ghali na wageni ni wengi, nikatia maziwa mepesi ya pakiti juu ya sharubati ambayo barafu yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Bilauri zaidi ya 20 zilikatika juu ya sinia kabla hazijawafikia wageni. Huzuni ya siku ile ndiyo iliyonifanya nitafute sababu, na sababu yenyewe ni hii. Ndani ya maziwa mna protini iitwayo kesini, ambayo husambaa humo kwa utulivu mradi ukali hauzidi. Ukali ukifikia kipimo cha pH 4.6, chembe zake hushikana na kuwa mapande. Maji ya pasheni yana pH ya karibu 3, na katika kipimo hiki namba ikipungua ukali huzidi, kwa hiyo tunda hili na maziwa ni mahasimu wa asili. Wapatanishi wao ni wawili: mafuta na baridi. Malai mazito yana mafuta mengi na kesini kidogo, basi hapana kingi cha kukatika. Na katika baridi kali kesini haishikani upesi hata ikiwa ukali upo. Maziwa yangu ya harusini yalikosa mafuta, na sharubati yangu ilikosa baridi.

Hivyo basi, anayenunua maziwa ya kukamuliwa hapa kijijini na aulize ni ya ng'ombe gani. Ng'ombe wa kisasa mwenye mabaka meusi na meupe hujaza ndoo, lakini maziwa yake aghalabu yana mafuta ya asilimia 3.5 hadi 4. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu hutoa kidogo, na hicho kidogo hukaribia asilimia 5 au kuipita. Maziwa yamiminwe katika bakuli pana yangali hayajachemshwa, yafunikwe kwa kitambaa safi, yalale kwenye baridi usiku kucha, na asubuhi malai yaenguliwe juu kwa kijiko kipana bila ya kuitikisa bakuli. Yasinyweke hivyo, maana maziwa mabichi yana maradhi yake: yawekwe katika kibakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, yakorogwe polepole mpaka yafuke mvuke sana, yasitokote, kisha yapoozwe. Anayeyachemsha moja kwa moja juu ya moto hupata ngozi na vipande, ambavyo vinafaa kwa mkate lakini si kwa bilauri. Malai bora hutiririka kutoka kijikoni kwa uzi usiokatika, na yakipakwa mgongoni mwa kijiko hubaki yamekivika chuma sawasawa. Yakinuka moshi au zizi, yasitumike, kwa kuwa baridi itaificha harufu hiyo mwanzoni na kuifichua mwishoni.

Maji ya soda ni ya kununua, yasiyo na sukari wala ladha, na hapa sina mengi ya kusema ila mambo mawili. La kwanza ni kwamba maji yaliyo karibu ya kuganda hubeba gesi takribani maradufu ya maji yenye joto la nyuzi 20, na kwamba katika mwinuko wetu, ambapo hewa inakandamiza kwa nguvu pungufu kuliko Dar es Salaam, gesi hupata wepesi zaidi wa kutoroka. Kwa hiyo chupa ilazwe penye baridi tangu jana yake, ifunguliwe wageni wakiwa wamekwisha kuketi. La pili ni kuwaonya wale wanaojitengenezea povu kwa magadi ya kuokea na ndimu. Povu watalipata, lakini pamoja nalo watapata ladha ya chumvi na sabuni, na pasheni haistahili kudhulumiwa hivyo.

Utaratibu wa kumimina ni mfupi. Shira vijiko viwili vya mezani chini; barafu hadi theluthi mbili ya bilauri; maji ya soda yapitie ubavuni mwa bilauri iliyoinamishwa, yapate mililita 180 hivi; na malai kijiko kimoja au viwili, yakipitishwa juu ya mgongo wa kijiko ili yatue na yasianguke. Mwenyeji asikoroge. Kukoroga ni haki ya mgeni, naye akiwa mjuzi hukoroga mara mbili tu.

Si kila tunda linahitaji tahadhari kama hii. Forosadi lililoiva hadi kuwa jeusi lina ukali mdogo, na kwa anayejifunza ndilo ningemshauri aanze nalo. Stroberi ni ya wastani. Ukwaju, ambao naupenda kuliko vyote katika sharubati tupu, siutii malai kamwe, na sijapata kuona aliyefanikiwa.

Baada ya jicho kumaliza kazi yake, sikio lisikilize: mchakacho wa povu uwe mwembamba na wenye kuendelea, kwani mlipuko mkubwa unaonyamaza mara moja ni dalili ya soda iliyomiminwa ikiwa na joto. Pua itangulie ulimi, nayo ipate tunda kwanza, maziwa baadaye, na sukari isiipate kabisa. Kwenye ulimi, ulaini wa malai ufike mbele, ukali wa pasheni uufuate ukiwa umefunikwa lakini haujafa, na povu livisafishe vyote viwili ili funda la pili liwe na haki sawa na la kwanza. Sharubati ambayo funda lake la tatu linachosha ina sukari ya kupita kiasi, hata kama la kwanza lilikuwa tamu.

Bilauri ikiisha isioshwe kwanza, bali ielekezwe dirishani. Utando uliobaki ukiwa mwembamba na sawa kila upande, kama pumzi juu ya kioo, malai hayakukatika hata baada ya kukorogwa. Vijipunje vikiwa vimeshika karibu na ukingo, yalikatika mwishoni, na mara nyingine malai yaongezwe uzito au barafu iongezwe wingi. Kisha inuswe ikiwa tupu. Ikiwa bado ina harufu ya pasheni, mimi huandika juu ya chupa ya shira siku iliyotengenezwa na ua yalikochumwa matunda yake, nikarudi kwa mwenye ua huo kabla matunda ya mmea ule hayajaisha.