Ahadi, Amri na Taarifa: Kusoma Kanuni za Mchezo wa Vita wa Diplomacy kwa Barua Pepe

Utangulizi

Mhakiki akikabidhiwa kanuni za mchezo azisome, yamkini atauliza kwanza iwapo kazi hiyo inamhusu. Kanuni hazina wahusika wala msuko, na lugha yake ni ile ya mikataba na matangazo ya serikali: sharti, hairuhusiwi, isipokuwa. Hata hivyo, taaluma yetu imekwisha kukubali kwamba matini haipimwi kwa jina la utanzu wake pekee, bali pia kwa kazi ambayo lugha inaifanya ndani yake. Makala hii inanuia kuzisoma kanuni za mchezo wa Diplomacy unaochezwa kwa barua pepe chini ya msimamizi. Hoja yetu ni kwamba kanuni hizi zinayagawa maneno katika madaraja matatu, kila daraja likiwa na uzito wake wa ukweli, na kwamba mvuto wa mchezo unatokana na mgawanyo huo. Aidha, tutaonyesha kwamba kanuni hizo hizo, zilizo angalifu mno kuhusu neno la mchezaji, zina kundi la watu ambalo hazilipi neno lolote.

Usuli wa matini

Diplomacy ni mchezo uliobuniwa na Mmarekani Allan B. Calhamer mwaka 1954, akauchapisha kwa gharama zake mwaka 1959 katika nakala 500. Ubao wake ni ramani ya Ulaya na kingo zake. Dola ni saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi na Uturuki. Vita huanza mwaka 1901. Vituo vya ugavi ni 34, na anayetwaa 18 ndiye mshindi. Hakuna dadu, na kila jeshi lina nguvu sawa na jingine. Jeshi moja likilishambulia jingine moja, hakuna linalosogea. Ili kusonga mbele sharti mshambulizi aungwe mkono, na kwa kuwa dola moja haina majeshi ya kutosha, wachezaji hulazimika kusemezana kabla ya kila duru. Kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri, na amri zote hufunuliwa kwa pamoja.

Mwaka 1963 John Boardman, akiwa Brooklyn, alianza kuuendesha mchezo huu kwa njia ya posta kupitia jarida lake dogo, Graustark. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ken Lowe aliandika programu iitwayo Judge, iliyopokea amri kwa barua pepe, ikazipatanisha, ikawatumia wachezaji matokeo. Msimamizi binadamu alibaki na kazi ya kuanzisha mchezo, kupanga tarehe za mwisho, kutafuta wachezaji wa akiba na kuamua mashauri.

Katika mazingira hayo ya posta na barua pepe kulizuka matini ya pili, yaani kanuni ambazo kila msimamizi huwaandikia wachezaji wake. Hizi hazizitangui kanuni za Calhamer, zinazizunguka. Za ubao zinaeleza vita, na za msimamizi zinaeleza mawasiliano. Sababu iko wazi. Mezani wachezaji wanaonana: Urusi anamwona Uturuki akitoka chumbani na Austria, anahisi jambo. Katika barua hakuna kinachoonekana ila maneno, kwa hiyo ni lazima isemwe ni neno lipi lina nguvu na lipi halina.

Madaraja matatu ya neno

Daraja la kwanza ni neno la mchezaji kwa mchezaji mwenzake. Hapa kanuni ni fupi ajabu. Zinasema tu kwamba mchezaji hafungwi na ahadi aliyoitoa, kisha zinanyamaza. Mchezaji anaweza kuapa, kusihi, kuvujisha barua aliyoandikiwa kwa siri, hata kuighushi kabla ya kuivujisha. Programu ya Judge iliruhusu pia ujumbe usiotaja dola iliyoutuma, hivi kwamba wasomaji walibaki kuubashiri mtindo.

Daraja la pili ni amri. Amri haihitaji unyofu, inahitaji umbo. Anayeandika kwamba jeshi la Venice liende Trieste hasemi kweli wala uongo, anatenda. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alitukumbusha kwamba yapo maneno ambayo kuyasema ni kutenda, mradi yasemwe na mtu anayefaa, mahali panapofaa na kwa utaratibu unaofaa. Kanuni zetu zinautekeleza mfano huo kwa ukamilifu usiopatikana katika maisha ya kila siku. Tuchukue kauli ya kuunga mkono. Katika mikutano yetu mtu huinuka akasema anaunga mkono hoja, akaketi, asifanye lolote. Katika mchezo, kuunga mkono ni tendo lenye gharama: jeshi linabaki mahali pake, halishambulii kwa ajili yake lenyewe, na nguvu zake zinahesabiwa kuwa za mwingine. Barua kumi za kuunga mkono hazina uzito wowote mbele ya mstari mmoja wa amri.

Daraja la tatu ni taarifa ya msimamizi inayotangaza matokeo. Neno hili lazima liwe kweli, na kanuni za wasimamizi zinalilinda kuliko jambo lolote. Kwa kawaida ni marufuku kuiga sahihi ya msimamizi, kughushi barua yake, kumdanganya, au mtu mmoja kuendesha dola mbili kwa majina mawili. Mchezaji aliyeruhusiwa kuwadanganya wenzake sita haruhusiwi kumdanganya huyu wa saba.

Tuone madaraja haya yakigongana. Italia anamwandikia Austria kwamba jeshi lake la Venice halitasogea. Austria anaamini, analipeleka jeshi la Trieste katika nchi za Balkani. Amri ya Italia inasema Venice kwenda Trieste. Taarifa inatoka, na Austria anarudi kuzisoma upya barua zote za wiki iliyopita. Maneno ni yale yale, lakini maana yake imegeuka. Kile wanafunzi wetu wanachokiita kejeli ya kitamthilia kimepatikana bila mtunzi kuandika tamthilia yoyote. Msimamizi anayeziona amri kabla ya saa ya kufunga anayajua yote, lakini amekatazwa kusema. Yeye ni msimulizi maizi aliyefungwa mdomo hadi tendo limekamilika.

Imani hii kwa msimamizi ina historia. Katika mchezo wa vita wa jeshi la Prussia, uliochapishwa na Luteni von Reisswitz mwaka 1824, makamanda walimwandikia mwamuzi amri, naye aliwafunulia yale tu ambayo wangeweza kuyaona vitani, huku akiongozwa na dadu na majedwali. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza mwamuzi aachiwe busara yake. Msimamizi wa Diplomacy hana dadu, na katika kuamua vita hana busara ya kutumia; matokeo yanatoka katika amri zenyewe. Ana mamlaka kidogo kuliko wale wa Prussia, ilhali anategemewa zaidi kwa ukweli, kwa maana hakuna kauli nyingine katika mchezo mzima ambayo mtu anaweza kuiegemea.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa kulinganisha. Katika uhasama uliozaa Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, washairi kama Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu walitunga tungo za siasa ambazo zilivuka bahari kutoka mji hadi mji. Malumbano hayo nayo ni vita vya maneno kati ya watu wasioonana. Lakini malumbano hayana msimamizi. Hadhira ndiyo hakimu, na fumbo ni silaha halali kwa sababu hadhira inatarajiwa kulifumbua. Katika kanuni za Diplomacy fumbo linaruhusiwa katika barua na linapigwa marufuku katika amri.

Amri iliyoandikwa vibaya

Jambo hilo la mwisho linastahili kutuliwa, kwa sababu ndipo kanuni zinapogeuka kuwa nadharia ya usomaji. Mchezaji akikosea tahajia au akiacha neno, msimamizi afanye nini? Kanuni zinajibu kwamba amri iliyoandikwa vibaya ifuatwe iwapo inaweza kuwa na maana moja tu. Ikiwa na maana mbili, haifuatwi, na jeshi linasimama palipo.

Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu kuhusu nia ya mtunzi na uhuru wa matini. Hapa msimamo umechukuliwa bila makeke. Msimamizi haruhusiwi kuuliza mchezaji alikusudia nini, hata akiwa amesoma barua zake zote na anajua vema alikokuwa akielekea. Anasoma maandishi. Lakini hayasomi kwa inda pia: maandishi yenye kasoro yanayoeleweka kwa namna moja yanaheshimiwa. Utata, ambao katika ushairi tunausifu kuwa utajiri, hapa unahesabiwa kuwa ukimya.

Wachezaji hodari wameugeuza uangalifu huu kuwa hila nyingine. Aliyemwahidi mwenzake msaada anaweza kuiandika amri ya msaada kwa kosa la makusudi, kisha akaomba radhi kwa uzembe. Taarifa itaonyesha kosa na haitaonyesha nia, kwa sababu kanuni zimekataa tangu mwanzo kuihukumu nia.

Mwongo na mtoro

Kuna wanaoushutumu mchezo huu kuwa shule ya unafiki. Shutuma hiyo ina msingi, maana urafiki wa watu halisi umewahi kutiwa doa na mchezo huu, na haitoshi kusema ni mchezo tu. Lakini tukizipima kanuni kwa adhabu zake, tunagundua kwamba mwenye hatia kubwa si mwongo. Ni yule asiyetuma amri. Saa ya kufunga inapita, muda wa nyongeza unapita, majeshi yake yanasimama kama vinyago. Na katika Judge dola yake ilitangazwa kuwa imetelekezwa, akatafutwa mchezaji mwingine wa kuirithi.

Johan Huizinga, katika Homo Ludens (1938), alitofautisha mlaghai na mharibu mchezo. Mlaghai angali anajifanya anacheza, na kwa kujifanya huko anautambua mchezo. Mharibu mchezo anauvunja ulimwengu wenyewe. Mwongo wa Diplomacy si hata mlaghai, kwa kuwa uongo wake umeruhusiwa. Mtoro ndiye anayewavunjia wote. Aliyemwamini anaanguka bila kusalitiwa, na jirani mwingine anashinda bila kupigana. Kanuni zinasema, kwa vitendo kuliko kwa maelezo, kwamba jumuiya ya maneno inaweza kustahimili uongo mwingi lakini haiwezi kustahimili kutojibu.

Ramani na wasio na neno

Mpaka hapa tumezisifu kanuni. Ni wajibu wa mhakiki kutazama pia ni nani aliyeachwa nje ya mgawanyo huu wa maneno. Mwanzoni mwa mchezo dola saba zina vituo 22. Vituo 12 vilivyobaki havina mwenyewe: Norway, Sweden, Denmark, Uholanzi, Ubelgiji, Hispania, Ureno, Serbia, Bulgaria, Romania, Ugiriki na Tunis. Havina jeshi, havitumi barua, havipewi taarifa. Anayefika anachukua. Tunis ndicho kituo pekee cha Afrika, na kihistoria mwaka 1901 haikuwa bila mtawala: Ufaransa iliitia chini ya himaya yake mwaka 1881. Mtunzi ameifuta historia hiyo ili Italia apate pa kuanzia. Kwa ufundi wa mchezo ni uamuzi wa busara. Kwa msomaji wa Afrika ni ukumbusho.

Ukumbusho wa pili umo baharini. Kwenye ubao ipo Ghuba ya Heligoland, mahali pa kupitishia manowari za Ujerumani. Kisiwa cha Heligoland kiliingia mikononi mwa Ujerumani kwa mkataba wa mwaka 1890, ambao kwa upande wake wa pili uliiachia Uingereza Zanzibar. Ubao umebakiza nusu moja ya mapatano hayo; nusu ya pili, yenye watu wetu, iko nje ya ukingo wa karatasi.

Nje ya ukingo huo mgawanyo wa maneno ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka 1904 utawala wa Kiingereza uliwaahidi Wamasai kwa maandishi kwamba maeneo waliyotengewa yangekuwa yao kwa kadiri kabila lao litakavyodumu. Mwaka 1911 mkataba mwingine uliwahamisha kutoka Laikipia. Walipokwenda mahakamani, shauri lao lilitupwa mwaka 1913 kwa sababu kwamba mikataba ile ilikuwa ya kidola, na mahakama haikuwa na uwezo juu yake. Ahadi iliyotolewa kwao ilikuwa neno la daraja la kwanza, amri ilikuwa ya upande mmoja tu, na msimamizi hakuwako.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kanuni za Diplomacy kwa barua pepe zinastahili usomaji wa kihakiki, kwa kuwa zinatenganisha ahadi, amri na taarifa kwa ukali ambao lugha ya siasa inaukwepa. Mwanasiasa huitoa ahadi kana kwamba ni amri, na huitoa taarifa inayobeba ahadi. Mchezaji hapewi nafasi ya kuchanganya hivyo: saa ya kufunga ikifika, kila neno linarudi katika daraja lake. Hata hivyo, ulinzi huo unawahusu tu wale ambao matini imewapa dola, barua na saa ya kufunga. Wanafunzi wetu wanaosoma katiba, mikataba na sheria kama matini wangefanya vyema kuanza na swali hilo hilo: ni nani humu ameruhusiwa kuandika amri, na ni nani amechorwa kwenye ramani kama kituo cha kutwaliwa.