Fundi Anayetafuta Ethi

Ukikanyaga breki, indiketa ya nyuma nayo inawaka, hafifu. Ukiwasha indiketa, taa ndogo iliyo jirani yake inapepesa kwa mapigo yaleyale. Dereva aliyeliteremsha Land Cruiser hilo la zamani kutoka Kibondo hadi Kasulu amekwisha kununua balbu mpya na hali ni ileile. Fundi umeme anayeijua kazi yake haanzi na balbu wala fyuzi. Anauliza kwanza: "Mzee, lilianza kabla ya mvua au baada?" Kisha anachuchumaa nyuma ya gari kutafuta boliti moja ndogo inayobana waya mweupe wenye mstari mweusi kwenye bodi. Kwenye Toyota, waya wa rangi hizo ndio wa ethi.

Umeme ukitoka kwenye betri na kupita kwenye balbu, lazima upate njia ya kurudi upande hasi wa betri. Ndani ya gari njia hiyo, yaani ethi, ni bodi yenyewe na chesisi. Boliti ya ethi ikishika kutu, umeme haukomi. Unapenya kwenye balbu ya jirani ili urudi kwa kupitia huko, na balbu hiyo inawaka bila kuitwa. Kwa hiyo taa inayomchanganya dereva ndiyo inayomwonyesha fundi pa kufungua. Ataikwangua boliti kwa msasa mpaka bati ling'ae, ataikaza, ataipaka grisi. Balbu za zamani zilikuwa nzima.

Nyanda za juu za Kigoma hazizionei huruma nyaya. Kiangazi kuna vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya soketi, halafu masika huja na unyevu wa miezi, na shaba inageuka kijani. Kabla ya mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wenye kilomita 260, mitikisiko ya barabara hiyo ililegeza nati hata zilizokazwa vizuri, na nje ya lami bado ni hivyo. Tena huku magari ya mashirika ni mengi kwa sababu ya kambi za wakimbizi: Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo, na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 walipokuja Warundi. Gari la kazi za namna hiyo hufungwa redio ya mawasiliano, antena na taa za ziada. Likichoka, likauzwa, vifaa hung'olewa na nyaya hukatwa zikabaki zinaning'inia nyuma ya dashibodi, nyingine zikiwa bado na moto. Fundi wa hapa hurithi kazi ya watu asiowajua, na inambidi aisome kabla hajaigusa.

Anasaidiwa na urahisi wa gari lenyewe. Land Cruiser za namba 70 zilianza kuuzwa mwaka 1984, na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ilikuja mwaka 1990. Haina kompyuta. Ikishawaka, inahitaji waya mmoja tu wenye moto ili iendelee kunguruma: ule unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu ya dizeli. Waya huo ukilegea njiani, injini inazima ghafla kana kwamba dizeli imekwisha, na fundi asiye na subira anaanza kufungua pampu. Mwenye subira anaweka testa pale, sekunde chache tu, kabla hajashika spana.

Lakini ninapowavulia kofia mafundi hawa ni kwenye kazi ya stata. Gari linagoma asubuhi, linatoa "tak" moja na kunyamaza, na kila mtu aliyesimama karibu anailaumu betri. Fundi anapima betri: volti 12.6, imejaa. Halafu anaweka mkono mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma cha injini, anamwambia dereva apige stata. Kama njia ni safi, mita haisogei hata nusu volti. Ikionyesha 2, ugonjwa umepatikana. Tuseme stata inavuta ampea 200: ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, wa kutu usioonekana chini ya mpira wa kebo, unatosha kuzila hizo volti mbili. Kebo kwa macho ni nzima kabisa.

Betri inayolala imejaa na kuamka tupu ina utaratibu wake. Fundi anachomoa kebo hasi, anaunga testa katikati yake na betri, na kila kitu kikiwa kimezimwa testa bado inang'aa. Anachomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka testa izime. Zikiisha zote na bado inang'aa, anachomoa waya mnene wa alteneta, maana dayodi moja iliyokufa humo hunyonya betri usiku kucha.

Fundi kanjanja, mbele ya tatizo hilohilo, anapiga dairekti: waya mpya kutoka betri hadi taa, bila fyuzi, na gari linaondoka likiwa na furaha ya wiki moja. Magari yameungua hivyo. Mimi naona hiyo ni kumdhulumu mteja, hata kama bei ilikuwa ndogo.

Na hapa wateja tuna sehemu yetu. Tumezoea kulipia kifaa kilichobadilishwa, na fundi aliyechunguza nusu siku akatumia kipande cha msasa tunamwona hakufanya kitu. Ndiyo maana mafundi wengine hubadilisha alteneta nzima isiyo na kosa. Ukimpelekea gari lako, mweleze lilianzaje, kulikuwa na mvua au jua, na nani alilifungua kabla yake. Kisha mlipe saa zake za kutafuta, hata kama hakukuuzia kifaa chochote.