Mto Yann haupo kwenye ramani yoyote, lakini tuupime

Sisi tunaosoma sayansi tuna ugonjwa mmoja, na nadhani umeshauona hapa kwetu. Tukipewa filamu au hadithi ya kubuni, tunakimbilia kuhesabu makosa. Meli ya angani inatoa mlio mahali pasipo na hewa: kosa. Joka linatema moto na koo haliungui: kosa. Tukimaliza tunajipigia makofi, na msomaji anabaki vilevile, hajajua kama kile kitu ni kizuri au ni kibaya.

Leo nataka kufanya tofauti kidogo. Mwenzangu mmoja wa maabara aliniambia hadithi za ndoto si kazi yetu, kwa sababu kwenye ndoto kila kitu kinaruhusiwa, sasa utakosoa nini? Nimelala na swali hilo siku kadhaa. Jibu langu ni hadithi moja fupi, "Idle Days on the Yann", ya Lord Dunsany, mwandishi wa Ireland. Ilitoka mwaka 1910 katika kitabu chake A Dreamer's Tales. Kama umewahi kusoma H. P. Lovecraft au waandishi wa aina hiyo, ujue wengi wao wamekunywa kwenye kisima hiki.

Kisa chenyewe ni chepesi. Msimulizi anashuka kutoka msituni mpaka ukingoni mwa mto Yann, anapanda jahazi liitwalo Ndege wa Mto, na wanateremka na maji mji baada ya mji hadi baharini. Basi. Hakuna vita, hakuna mapenzi, hakuna mwizi wa kukamatwa. Kinachobeba hadithi ni jiografia peke yake: mto na miji yake. Kwa hiyo jiografia ikilegea, hakuna kitu kingine cha kuishikilia.

Na inafahamika kwamba Dunsany aliiandika akisubiri safari ya Mto Nile ambao alikuwa hajauona bado. Shika hilo, tutalirudia.

Tuanze na mdomo wa mto, kwa sababu mimi ni mtu wa mito na hapo ndipo nilipokaa sana. Mto Nile ukifika kaskazini mwa Cairo unapoteza haraka. Maji yanapunguza kasi, yanatua mashapo, mto unagawanyika, unajenga delta. Yann haufanyi hivyo. Unaingia baharini kwa kupita katikati ya magenge mawili makubwa ya marumaru ya rangi ya waridi, yanayoitwa Bar-Wul-Yann, yaani Lango la Yann. Wa kwanza kusoma anaweza kusema hilo ni pambo tu. Hapana, linawezekana kabisa. Mto ukiwepo kabla ya ardhi kuinuka, na ukawa na nguvu ya kukata chini kwa kasi ileile ardhi inavyopanda, unabaki kwenye njia yake na milima inasimama pembeni kama miimo ya mlango.

Mfano mkubwa tunao jirani. Mto Kongo, baada ya kutulia pale Kinshasa na Brazzaville kama ziwa, unaingia kwenye korongo na maporomoko mpaka Matadi, na unashuka zaidi ya mita 250 katika safari hiyo. Kisha unaingia Atlantiki bila delta kubwa, kwa sababu mbele ya mdomo wake kuna bonde refu chini ya bahari linalomeza mashapo yake. Kwa maneno mengine, bwana huyu aliota Nile akachora kitu kinachofanana zaidi na Kongo. Na yale marumaru yana historia nyuma yake, kwa sababu marumaru ni mawe ya chokaa yaliyozikwa, yakapikwa na kubanwa. Chokaa nyingi ya namna hiyo huanza baharini, ni magamba ya viumbe vya maji. Kwa hiyo meli inatoka mtoni kuingia bahari ya leo kwa kupita katikati ya sakafu ya bahari ya kale. Dunsany halisemi hilo na sidhani alilifikiria. Lakini ukilijua, ule ukurasa wa mwisho unakuwa mzito zaidi.

Miji sasa. Mandaroon ni mji uliolala. Kuta nyekundu, minara myeupe, mapaa ya shaba yaliyogeuka kijani. Mlinzi wa lango anakataza maswali, kwa sababu watu wakiamka miungu watakufa. Ni wazo zuri, ila kinachonifanya niamini ni yale mapaa. Shaba mpya haina rangi ya kijani. Inakuwa kahawia kwanza, halafu unyevu, kaboni dioksidi na salfa ya hewani vinaijengea ngozi ya kijani polepole. Sanamu ya Uhuru kule New York ilisimamishwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba, na ilihitaji miongo kadhaa kuwa kama unavyoiona kwenye picha. Ukiongeza vile vimelea vya kijani vya ukutani ambavyo Dunsany ameviweka kwenye vizingiti vya milango, unapata saa mbili, moja ya kemia na moja ya viumbe, zote zinakwambia watu hawa hawajakanyaga nje muda mrefu. Hana haja ya kutaja miaka. Mji wa Astahahn, ambao watu wake wanadai wamemfunga Wakati kwa pingu, hauna kitu kama hicho. Tunaambiwa tu kwamba nyumba ni za kale na zina nakshi za wanyama waliokwisha kutoweka. Kwangu ni mji dhaifu, umebebwa na kauli moja, basi.

Halafu Perdóndaris. Hapa, msomaji, kaa vizuri.

Ni mji wa biashara. Nahodha anauza mazulia, na yale mapatano ya bei yatakuchekesha kama umewahi kununua kitu Kariakoo. Mfanyabiashara analia kwamba kwa bei hiyo yeye na mama yake mzee watakufa njaa, nahodha anajiwekea upanga kooni kwamba amekwisha filisika, na wote wawili wanajua kuwa huo ni mchezo. Msimulizi anaondoka kutembea. Anazungukia ukuta, anafika kwenye lango la nje, anatazama, halafu anatoka mbio kurudi melini. Lango lote limechongwa kwa pembe ya ndovu. Na ni kipande kimoja.

Uone alichofanya msimulizi pale. Mpaka hapo amekuwa mtalii, anaambiwa mambo na anayapokea. Langoni hakuna anayemwambia chochote. Anatafuta maungio, hayapo. Kama hakuna maungio, basi pembe ilikuwa moja. Kama pembe ilikuwa moja, yupo au alikuwepo mnyama wa kuibeba. Na wanyama wa namna hiyo huwa na pembe mbili. Hii ndiyo kazi ya mtu anayeokota jino kwenye tabaka la mwamba na kuanza kumjenga upya mwenye jino. Ndiyo maana kipande hiki kinatisha kuliko miungu wote wa Mandaroon: hofu inatoka kwenye ushahidi.

Tumpime huyo mnyama basi, siwezi kujizuia. Dunsany hatoi vipimo, kwa hiyo mimi nachukua lango la upana wa mita 4, lori lipite kwa nafasi. Pembe kubwa kabisa zinazojulikana za tembo wa Afrika zilitoka Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, zikauzwa Zanzibar, na leo zipo kwenye jumba la makumbusho London. Kila moja ina uzito wa kilo 100 hivi na urefu wa mita 3 hivi. Unene wake ni kama sentimita 20. Ili upate kipande cha upana wa mita 4, unahitaji kumkuza tembo yule mara 20 kila upande. Pembe inakuwa na urefu wa mita 60. Tembo wa mita 3 na ushei begani anafika karibu mita 65.

Sasa uzito. Uzito unafuata ujazo, yaani 20 mara 20 mara 20, ambayo ni 8,000. Tembo wa tani 6 anakuwa tani 48,000. Nyangumi buluu mkubwa ana tani 150 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Lakini nguvu ya mfupa wa mguu inafuata eneo la mkato wake, na eneo limeongezeka mara 400 tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo mara 20 ya ule wa tembo wa kawaida, wakati mifupa ya wanyama ina akiba ya nguvu ya mara mbili hadi nne hivi. Mnyama wetu anavunjika miguu kabla hajapiga hatua ya kwanza. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638.

Je, nimepata kosa? Hesabu ndiyo hiyo. Ila hesabu yangu na mbio za msimulizi ni fikra moja: ukubwa wa sehemu unakulazimisha kukubali ukubwa wa mzima. Yeye amekimbia, mimi nimechukua kikokotoo.

Kosa ninalolihesabu kweli ni lingine. Miji hii haili. Tangu msituni hadi baharini sikuona shamba la maana wala mafuriko. Mto mkubwa usiofurika ni bomba. Miji ya Nile ililishwa na tope la mafuriko kwa maelfu ya miaka, mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, na mtu wa Rufiji atakueleza mashamba ya mlau bila kufungua kitabu. Dunsany ameangalia mto kutoka katikati ya maji, kwenye sitaha, chini ya tanga. Ukingoni anaona minara, walinzi na wachuuzi. Mkulima hamwoni. Hivyo ndivyo mto unavyoonekana kwa mtu anayeusubiri kwa hamu akiwa nyumbani kwake.

Na hapo ndipo hadithi hii inatugusa sisi. Mwaka 1856 Ulaya ilichapisha ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann waliokuwa Rabai, karibu na Mombasa. Katikati ya nchi yetu kulikuwa na ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamewaambia kweli: ukienda bara kwa njia hii utakuta maji makubwa, na kwa njia ile pia, na kwa ile nyingine pia. Walikuwa wanasema Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Aliyeyaunganisha kuwa moja ni mchora ramani. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, wafanyabiashara wa pale waliwaeleza kwamba ni maziwa tofauti. Ile ramani ilikuwa ndoto iliyovaa koti la sayansi. Yann angalau ni ndoto iliyojitangaza.

Kuna zaidi. Mwanzoni mwa safari nahodha anamuuliza msimulizi ametoka wapi. Anajibu Ireland, iliyoko Ulaya. Mabaharia wanacheka: nchi hizo hazipo katika nchi yote ya ndoto. Nilisoma hapo mara mbili. Kwa sentensi chache ramani imegeuzwa, na anayeulizwa kama kwao kupo kweli ni Mzungu. Haimsafishi Dunsany kabisa, maana bado ametuletea majambia, mazulia na soko la "Mashariki" lililookotwa huku na kule. Lakini waandishi wengi wa zama zake hata kicheko hicho hawakukiweka.

Ukitaka kusoma, anza na hii, ni ya kukaa mara moja. Mwaka 1919 aliirudia nchi hiyo katika Tales of Three Hemispheres, na katika "The Avenger of Perdóndaris" tunakutana na mwindaji aliyemuua yule mnyama na anayeishi kwenye jumba la pembe. Mimi ningeiacha. Mnyama aliyeuawa nina hesabu ya kumvunja miguu. Yule anayesikika kwa mbali vilimani, akitafuta pembe yake ya pili, sina.