PewDiePie ni mtambaji hodari aliyesahau mipaka ya utani

KIJANA wa Uswidi aitwaye Felix Kjellberg alifungua chaneli yake ya YouTube mwaka 2010, akajiita PewDiePie, akaanza kucheza michezo ya kompyuta huku akipiga mayowe. Alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers mjini Gothenburg. Mwaka 2011 aliyaacha masomo, na kwa muda akawa anauza soseji kwenye kibanda, kama wauzavyo vijana wetu smokie kando ya barabara. Agosti 2013 chaneli yake ikawa ndiyo yenye wafuasi wengi kuliko zote katika YouTube. Agosti 2019 akawa mtu binafsi wa kwanza kufikisha wafuasi milioni 100. Video zake zimepita 4,000, na zimetazamwa zaidi ya mara bilioni 28.

Ukiwauliza wazee wenzangu kuhusu mtu huyu, watakwambia huo ni upuzi mtupu. Ukiwauliza wanafunzi wangu watakujibu, “Prof, huyo ndiye baba yao!” Kwa maoni yangu, makundi yote mawili hayajahakiki chochote. La kwanza limeshutumu bila kutazama, na la pili limetazama bila kupima. Kazi ya mhakiki ni kuuliza: sanaa hii inafanyaje kazi? Nguvu yake inatoka wapi? Na inaporomoka wapi?

Nina sababu ya kulivalia njuga suala hili. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alileta pendekezo la utafiti kuhusu watu wanaocheza gemu mtandaoni na kuzisimulia. Mmoja wa wanajopo akamtazama juu ya miwani na kumuuliza, “Sasa, fasihi iko wapi hapo?” Wengine wakacheka. Pendekezo likarudishwa. Mimi siamini kwamba swali lile lilikuwa baya. Lilikuwa swali zuri lililoulizwa kwa kejeli, na ndilo nitakalolijibu leo.

Hebu tuanze na video zenyewe. Kioo kizima kinajaa mchezo. Pembeni kuna kijisanduku chenye uso wa mchezaji. Juu ya vyote hivyo kuna sauti. Mchezo uliompatia jina mwanzoni ni ‘Amnesia: The Dark Descent’ wa mwaka 2010, uliotengenezwa na Frictional Games, kampuni ya huko huko Uswidi. Mhusika anaamka ndani ya kasri akiwa amepoteza kumbukumbu. Hana silaha. Zimwi likimtokea, hana la kufanya ila kutimua mbio au kujificha, na akikaa gizani kwa muda mrefu akili yake huanza kuvurugika. Ni mchezo wa hofu, na hofu huhitaji mtu wa kuisema.

PewDiePie aliisema. Aliruka kitini, akakemea, akabembeleza, akajicheka. Lakini mayowe peke yake hayawezi kumshikilia mtazamaji siku baada ya siku. Kilichowashikilia ni ubunifu mwingine ambao wengi hawautaji. Jamaa huyu alivipa uhai vitu visivyo na uhai. Mapipa yaliyozagaa kasrini yakawa maadui zake wa kudumu. Kila alipoliona pipa alilitukana kama mtu aliyemkosea. Sanamu ndogo ya dhahabu akaibatiza Stephano, akaipa sauti yenye lafudhi ya Kifaransa, akaifanya rafiki wa safari. Hata kiti kikapewa jina na heshima ya mtu.

Walimu wa fasihi, jambo hili tunaliitaje? Tashihisi. Ndiyo hiyo hiyo tunayoifundisha katika kidato cha pili tunaposimulia jinsi Sungura alivyomhadaa Fisi, au jinsi kibuyu kilivyosema na mwenyewe. Watengenezaji wa mchezo waliweka pipa kama pipa. Mtambaji ndiye aliyeligeuza kuwa mhusika. Kuanzia hapo, watazamaji hawakuwa wakifuata tena hadithi ya kasri; walikuwa wakifuata ngano ya kijana mmoja, sanamu yake na mapipa yaliyomwinda.

Kisha kuna fomyula. Katika miaka yake ya mwanzo, kila video ilifunguliwa kwa salamu ile ile, akiwauliza ‘ndugu’ zake hali na kulivuta jina lake kwa sauti nyembamba ya kuchekesha. Ilifungwa kwa kuielekeza ngumi kwenye kamera ili mtazamaji naye aweke yake kwenye kioo. Vijana wa Nairobi wangesema aliwapa gota. Nani aliyekulia penye “Paukwa!” asiyeijua kazi ya mambo haya? Fomyula ya mwanzo huitoa hadhira katika ulimwengu wa kawaida na kuiingiza katika ulimwengu wa masimulizi. Ya mwisho huirudisha nyumbani salama. Zaidi ya hayo, zile za PewDiePie zilimfanya mtoto aliyejifungia chumbani peke yake aamini kwamba ameketi na wenzake kandokando ya moto.

Wala sanaa ya kuzungumza juu ya picha za mtu mwingine si ngeni kwetu. Wapo waliolipa kiingilio katika vibanda vya video vya mitaani ili wamsikie DJ Afro akizisimulia filamu za ng’ambo kwa Kiswahili kilichochangamka. Picha zilikuwa za wageni; mazungumzo, majina ya utani na kicheko vilikuwa vyake. Waganda nao wana wasimulizi wao wa filamu, wanaowaita VJ. Na kabla ya hao wote, marehemu Leonard Mambo Mbotela alitutangazia kandanda redioni hata tukauona mpira tusiouona. Wote hawa wanafanya jambo moja: wanachukua tukio ambalo hawakulitunga na kulifanya lao kwa nguvu za ulimi. Kwa hivyo, kwa mwenzangu wa jopo, jibu langu ni hili: fasihi iko katika utendaji, iko kwa fanani, na iko katika uhusiano wake na hadhira.

Haya, tumekubaliana kwamba ni mtambaji. Basi tumpime kwa kigezo cha mtambaji, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Dosari yake ya kwanza ni ya mtindo. Kati ya mwaka 2013 na 2016, umaarufu ulipopaa, video nyingi zilianza kufanana. Yowe ambalo mwanzoni lilitokana na hofu sasa lilitokea hata pasipo na cha kuogopwa. Matusi yakajaza nafasi ya uvumbuzi. Mtambaji anayejua kwamba hadhira itacheka hata asipofanya kazi hukabiliwa na kishawishi cha kutofanya kazi, na yeye alishindwa nacho mara nyingi.

Dosari ya pili ndiyo nzito, nayo inahusu utani. Katika fasihi simulizi yetu, utani ni utanzu wenye sheria. Babu humtania mjukuu akamwita mke wake, na watu wakacheka. Vijana katika mchongoano humwambia mwenzao maneno ambayo mahakamani yangeitwa kashfa, na bado wakarudi nyumbani wameshikana mabega. Kwa nini hawapigani? Mosi, watani wanajuana. Pili, kuna mahali na wakati wake. Hakuna anayeanza mchongoano na mtu ambaye amepigiwa simu ya msiba sasa hivi. Tatu, na hili ndilo kuu, anayetaniwa ana haki ya kujibu papo hapo. Sheria hizi tatu ni ua. Ukiubomoa, kinachobaki ndani si utani tena.

PewDiePie aliubomoa ua huo. Januari 2017, katika video ya mzaha, aliwalipa vijana wawili wa India kupitia tovuti ya vibarua vya mtandaoni ili washike bango lenye maneno ya kuwatakia Wayahudi wote kifo. Alisema nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba mtandaoni watu watafanya lolote kwa malipo kidogo. Vijana wale baadaye waliomba radhi, wakasema hawakuelewa maana ya maneno waliyoyashika. Februari mwaka huo gazeti la The Wall Street Journal lilichapisha habari kuhusu bango hilo na video nyingine zake zenye mizaha ya aina hiyo. Maker Studios, kampuni iliyomilikiwa na Disney, ikavunja ushirikiano naye. YouTube nayo ikafuta msimu wa pili wa kipindi alichokuwa akiwaandalia. Septemba mwaka uo huo, akicheza mubashara, hasira zilimpanda akamtusi mpinzani wake kwa neno la Kiingereza la kuwadhalilisha watu weusi. Aliomba msamaha.

Wafuasi wake walimtetea wakisema, “Alikuwa anatania tu.” Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia vivyo hivyo, naye ni mweusi kama mimi. Nilimuuliza: ni nani aliyekuwa mtani wake? Wayahudi waliotajwa kwenye bango hawakuwa wamekaa naye barazani. Vijana wa India waligeuzwa vinywa vya maneno wasiyoyaelewa, na kwa mtu aliyefundisha lugha miaka yote hii, sijui udhalimu mkubwa kuliko huo wa kumtwika mtu maneno asiyojua uzito wake. Na lile tusi la Septemba halikuwa hata mzaha. Lilimtoka katika hasira, na hasira hutoa kilichokuwa karibu na ulimi. Je, lilifikaje karibu? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nadhani kosa hili lilizaliwa na kipaji chenyewe. PewDiePie aliwafanya wageni waamini kuwa ni ndugu zake, hadi yeye mwenyewe akaamini. Akazungumza na watu zaidi ya milioni 50 kama azungumzaye na marafiki wanne sebuleni. Lakini barazani mtambaji huona uso ulionuna, akabadilisha mkondo wa hadithi. Kamera haina uso. Mwaka 2014 aliwahi hata kuyafunga kwa muda maoni ya watazamaji kwa kuwa yalijaa takataka. Namwelewa. Hata hivyo, fanani asiyeisikia hadhira yake amebakiwa na kicheko chake mwenyewe tu.

Kilichofuata kilithibitisha kwamba neno likitoka halirudi. Kuanzia mwaka 2018, kampuni ya muziki ya India, T-Series, ilimkaribia kwa idadi ya wafuasi. Mashabiki wakaanzisha wito wa kuwahimiza watu wajiunge na chaneli ya PewDiePie. Ulianza kama mchezo. Machi 15, 2019, gaidi aliyewaua watu 51 katika misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, aliutamka wito huo kabla ya kufyatua risasi. PewDiePie hakuhusika na uovu ule, na alisema waziwazi kwamba jina lake kutajwa na muuaji huyo lilimtia kinyaa. Mwishoni mwa Aprili akawaomba mashabiki waukomeshe wito wao. Sitambebesha damu isiyo yake. Ila nasema hivi: msemo uliolelewa mahali ambapo kila kitu ni mzaha ulikuwa rahisi kuokotwa na mtu ambaye kwake hakuna kilichokuwa mzaha. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Ajabu ni kwamba kazi yake iliyokomaa zaidi ilikuja miezi michache baadaye. Katikati ya mwaka 2019 alirudi kwenye mchezo wa Minecraft, ule wa kujenga kwa matofali ya kidijitali. Humo alifuga mbwa aliyemwita Sven na farasi aliyemwita Joergen. Farasi alipokufa, mtambaji aliomboleza na mamilioni wakaomboleza naye, nusu wakicheka na nusu wakiumia. Ile tashihisi ya Stephano na mapipa ilikuwa imerejea, lakini safari hii ilibeba upendo badala ya woga. Kicheko kilikuwepo tele, na sikuona kabila wala dini iliyolipia. Mwaka 2022 alihamia Japani na mkewe, Marzia, na sasa hutoa video chache za utulivu kuhusu familia, uchoraji na maisha ya kila siku. Wapo wanaodai ameishiwa. Mimi naona fanani aliyepunguza sauti ili asikike vizuri zaidi.

Hukumu yangu basi ni hii. PewDiePie ana nafasi katika historia ya utambaji. Alithibitisha kwamba hata mbele ya mashine, binadamu bado anamtaka binadamu wa kumsimulia. Lakini ukubwa wa hadhira yake haumsamehei. Unamwongezea deni.

Nawaandikia haya hasa vijana wetu wanaofungua chaneli zao za gemu humu nchini na kusimulia kwa Kiswahili na Sheng. Mna urithi ambao yule Mswidi hakuwa nao. Ngano mnazo, mchongoano mnao, na mnajua tangu utotoni ni nani anayetanika na lini. Mbotela, mbali na kutangaza mpira, alituuliza kwa miaka mingi redioni, “Je, huu ni uungwana?” Lirithini na swali hilo pia.

Na kwa wenzangu wa idara: mwanafunzi yule arudishiwe pendekezo lake, aandike. Vijana wanasimuliwa hadithi kila usiku kupitia simu zao, na msimulizi akiteleza, tunabaki kulaumu mtandao. Tukikataa kuihakiki sanaa hii, haitakoma. Itaendelea tu bila wahakiki.