Nazi kwa Chupa, Nazi kwa Chungu

Ufundi wa kupika mafuta ya nazi uliundwa na watu wasio na nafasi. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi anayejitengenezea mafuta ya kujipaka hudhaniwa kuwa mtu mwenye muda mwingi, na anayenunua dukani ndiye mwenye shughuli. Wanawake wa Mafia na Mkuranga, wa Kilifi na Kwale, waliotuachia ujuzi huu walikuwa na shamba, maji ya kuteka, watoto, na shughuli za majirani, yote kwa siku moja. Walichofanya ni kuipanga kazi ili sehemu kubwa yake ifanyike wao wakiwa wamelala, na iliyobaki ifanyike kwenye moto ambao lazima uwashwe kwa ajili ya chakula.

Kazi huanzia kwenye kuchagua. Dafu ni la kunywa, koroma bado halijajaa mafuta; inatakiwa nazi iliyokomaa hadi makumbi yake yakakauka. Itikise karibu na sikio, usikie maji yakicheza ndani. Isiyo na maji huenda ina ufa, na nyama yake imeshaanza kuharibika. Nyama ya nazi iliyokomaa vizuri ina mafuta kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, na ukiikamua kwa uvivu sehemu kubwa ya hayo utawapa kuku.

Kwenye mbuzi ya kukunia, asiyejua hukandamiza nazi, fundi huizungusha. Ukikaribia kifuu acha, maana ile ngozi ya kahawia hulitia tui rangi na kulipunguzia utamu. Mashine za sokoni zinazokuna kwa dakika chache sina ugomvi nazo, nazitumia. Anayeishi ghorofani naye akikata nyama vipande akavisaga kwenye blenda kwa maji ya uvuguvugu, atapata tui zuri tu. Kukuna ni nguvu, na nguvu inaweza kukodiwa. Linalotaka akili linakuja baadaye.

Tui la kwanza, kasimele, hukamuliwa kwa maji machache ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. La pili, jepesi, huwekwa kando kwa ajili ya chungu. Kasimele ni matone madogo mno ya mafuta yaliyovikwa protini, ndiyo maana mafuta na maji hukaa pamoja humo bila kuachana. Ukilifunika na kuliacha usiku kucha, mafuta, kwa wepesi wake, hupanda taratibu, na asubuhi unakuta tabaka nene jeupe juu na maji chini. Mwenye friji aliweke humo, tabaka litaganda na kunyanyuka kama kifuniko. Usiku huohuo mbaazi zitakazopikwa kwa tui la pili zinalowa kwenye bakuli jingine. Vyombo viwili vinafanya kazi, na mwenyewe amelala.

Asubuhi tabaka lile huingia kwenye sufuria pana, moto mdogo. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na humo sikio lina kazi kuliko jicho. Mwanzo sufuria hutokota kwa kelele, maji yakitoka kwa mvuke. Kisha protini huganda ikawa chembe nyeupe, na katikati yake mafuta huanza kuonekana, maangavu, yenye umanjano wa mbali. Kelele hupungua. Mapovu huwa madogo, halafu machache, halafu sufuria inakaribia kunyamaza. Chembe zikishika rangi ya dhahabu, epua. Ukiepua mapema, maji yamebaki, na maji ndiyo yanayoyaharibu mafuta ndani ya chupa yakaanza kunuka. Ukichelewa, chembe zinaungua na harufu ya kuungua haiondoki tena. Kati ya mapema na kuchelewa pana dakika chache, na saa ya ukutani haiwezi kukuonyesha ziliko, kwani zinategemea upana wa sufuria, ukali wa moto, na maji uliyoyachota pamoja na tabaka. Bibi zetu walizisikia. Mtu akikaa karibu na sufuria mara kadhaa bila simu mkononi, naye atazisikia.

Yachuje kwa kitambaa safi, uyatie kwenye chupa kavu kabisa. Mafuta haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yaleyale yanayotiririka Tanga yatakuwa meupe na magumu Njombe mwezi wa saba, wala hayajaharibika. Uyapashe kwenye viganja, yatalainika.

Mwilini yapake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili yaufungie unyevu huo usipotee. Kwa nywele, yapakwe kabla ya kuosha. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini ya nywele kuliko mafuta ya alizeti au mafuta ya madini, kwa kuwa asidi yake kuu, ya lauriki, ni nyembamba kiasi cha kupenya ndani ya unywele. Waliotupaka kichwani jioni ya kuamkia siku ya kuosha nywele hawakuwa na maabara, ila walikuwa na vichwa vingi vya kuangalia.

Anayetaka harufu ana asumini, mlangilangi na karafuu, manukato yaleyale ambayo Zanzibar hutiwa kwenye singo ya bi harusi. Maua yaachwe kwanza yanyauke, maana ua bichi lina maji, na maji nimekwisha kuyasema. Karafuu ziwe chache, kwani zikizidi huwasha. Jaribu tone ndani ya mkono, ungoje hadi kesho yake. Wenye ngozi ya uso inayotoka chunusi wayaache usoni, yanaweza kuziba vitundu. Nayasifu kwa sababu moja nzito zaidi: tumewaona dada zetu wakiungua nyuso kwa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku na bado zikauzwa kwa kificho. Aliyepika mafuta yake anajua kilichomo hadi tone la mwisho.

Sasa lile tui la pili. Mbaazi zilizolowa huiva upesi, zikamalizikia kwenye tui kwa chumvi na kitunguu, na hicho ni kifungua kinywa cha nyumba nzima pamoja na mahamri, au chakula cha kubeba kazini pamoja na wali. Mchicha wa tui hauhitaji hata robo saa. Majani yake yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini haifyonzwi vizuri pasipo mafuta, ambayo tui linaipatia. Ukikamulia ndimu mezani, mwili utafyonza kwa wingi zaidi madini ya chuma yaliyomo. Ila kwenye chungu tui liwe la kiasi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu kwenye damu, aina ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku. Ndiyo maana napenda mgawo huu wa zamani: kasimele lote kwa ngozi na nywele, jepesi kwa mboga.

Anayetaka kuanza anunue nazi nne jioni ya Ijumaa, zikunwe hukohuko sokoni. Atakamua kabla ya kulala, atakaa na sufuria Jumamosi asubuhi mbaazi zikichemka jiko la pili, na atapata chupa ndogo ya mafuta. Machicha yasuguliwe mikononi na miguuni wakati wa kuoga, kisha yanayobaki wapewe kuku. Zile chembe za rangi ya dhahabu zilizobaki kwenye kitambaa zitiwe chumvi kidogo, zinyunyizwe juu ya muhogo wa kuchemsha. Wawahi watoto, hazichukui muda kwisha.