Mwananchi, Mzawa na Raia: Kuusoma Utaifa wa Kitanzania kutoka Katavi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kulisoma taifa la Tanzania kupitia matukio makuu matatu: Vita vya Maji Maji, Mapinduzi ya Zanzibar na Azimio la Arusha. Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi na Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi hufundishwa kama vielelezo vya historia hiyo. Makala haya yanayahoji mazoea hayo kwa kulitazama taifa kutoka Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Hoja yetu ni kwamba msamiati wa uhakiki wetu hulifungamanisha taifa na uzawa, ilhali kazi zenyewe zinaonesha taifa likitengenezwa.

Tuanze na maneno. Mwananchi ni mwana wa nchi. Mzawa hutokana na kitenzi zaa katika kauli ya kutendwa. Mzalendo nalo lina mwangwi wa kuzaliwa. Raia, neno lenye asili ya Kiarabu, hutaja uhusiano wa mtu na mamlaka inayomtawala. Lugha ya uhamiaji huongeza tajinisi, kutoka mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa jinsi na jinsia: mgeni anafanywa kuwa wa jinsi moja na wenyeji.

Katavi imelipa neno hilo uzito wa pekee. Makazi ya Katumba na Mishamo yaliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Baada ya Serikali kuwafungulia mlango wa uraia mwaka 2007, zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walikubaliwa. Mpango wa awali uliwataka watawanyike katika mikoa mingine. Hatimaye waliruhusiwa kubaki, na mwaka 2014 wakaanza kukabidhiwa vyeti. Wamekuwa raia. Je, uhakiki wetu unalo neno la kuwaita wananchi bila kusita?

Liisa Malkki, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1995, alionesha kuwa wakimbizi wa Mishamo walijisimulia historia iliyowafanya taifa uhamishoni, huku wenzao wa mjini Kigoma wakichanganyika na wenyeji na kuukwepa utambulisho huo. Watu walikuwa wa asili moja. Mahali na masimulizi viliwapa nafsi mbili. Huo ni ushahidi ambao mhakiki wa fasihi hana budi kuupima.

Mfano wa Ajentina unatusaidia kuona nafasi ya mhakiki katika jambo hili. Utenzi wa José Hernández, Martín Fierro (1872), ulikuwa malalamiko ya mchunga ng'ombe aliyeonewa na dola. Mwaka 1913, wakati wahamiaji wengi kutoka Ulaya wakimiminika nchini, Leopoldo Lugones aliutetea katika mihadhara yake jijini Buenos Aires kama utenzi wa taifa. Mlalamikaji akageuzwa nembo, na nembo ikawa kipimo cha nani ni Mwajentina halisi. Jorge Luis Borges alikuja kukipinga kipimo hicho. Kazi ya kitaifa, basi, hufanywa hivyo na wasomaji wenye mamlaka, nasi walimu wa vyuo vikuu tumo miongoni mwao.

Tukirudi kwenye matini zetu, Kinjeketile huanza na watu waliogawanyika kwa makabila, na umoja wao hujengwa juu ya imani katika maji. Hakuna aliyezaliwa ndani ya umoja huo. Gabriel Ruhumbika, katika Miradi Bubu ya Wazalendo (1992), anakwenda mbali zaidi: neno wazalendo limejaa kejeli, kwa kuwa wanaoifilisi nchi ni wana wake wenyewe. Ikiwa kuzaliwa hakumhakikishii mtu uzalendo, hakuna mantiki ya kudai kuwa asiyezaliwa humu hawezi kuwa nao.

Pingamizi moja linastahili jibu. Yaweza kusemwa kuwa kuwatazama waliotajinisiwa ni kuwasahau Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wenyeji wa Katavi. Lakini wao pia hawamo katika orodha ya vitabu tulivyovitaja. Uzawa haukuwaingiza katika simulizi la taifa. Kigezo hicho kimewanyima nafasi wageni bila kuwapa wenyeji chochote.

Kiswahili chenyewe kinatuelekeza njia. Ni lugha ya taifa ambayo Watanzania wengi waliingia kwayo kwa kujifunza, wakiwa na lugha nyingine majumbani mwao. Taifa linalojitambulisha kwa lugha ya kujifunza haliwezi kuwafungia mlango waliojifunza. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaotafuta mada wangefanya vyema kukusanya masimulizi ya Kiswahili ya Katumba, Mishamo na vijiji vya jirani, wayahakiki pamoja na Kinjeketile, kama fasihi ya nchi moja.